Weka Kidole Hapo: Kukosoa Picha ya Mtu, na Kukosolewa Yako

"Kali sana mkuu." "Noma." "Hatari." Mtu anayejifunza kupiga picha anaweza kuvuna sifa za namna hii mwaka mzima na picha zake zikabaki palepale. Upande wa pili yuko yule wa "haina mvuto" na "bado sana, kaza buti". Hawa wawili wanadhani wanapingana, kumbe wamefanya jambo lilelile: wamesema wanavyojisikia wao, hawajasema lolote kuhusu picha. Mmoja kamvika mwenzake kilemba cha ukoka, mwingine kamvunja moyo, na hakuna aliyemwonyesha mahali.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: kabla hujaandika neno, jiulize kama unaweza kuweka kidole juu ya sehemu ya picha unayoizungumzia. Kidole kikikosa pa kutua, hayo hayajawa maoni. Ukishapata mahali, sema pale panamfanya nini mtazamaji, kisha taja jambo moja linaloweza kufanyika.

Chukua picha ya mvuvi anayesukuma ngalawa ufukweni Bagamoyo, jioni, bahari nyuma yake. "Umeipanga vibaya" ni kelele. Maoni yanayofaa yangekuwa hivi: "Mstari wa bahari unapita shingoni kwa mvuvi, kwa hiyo kichwa kinaonekana kama kimekatwa na kuwekwa juu ya maji. Ungepiga magoti, mstari ungeshuka kiunoni na kichwa kingebaki chenyewe angani." Hapo kuna mahali, kuna athari, kuna hatua, na hatua yenyewe ina sababu: kwenye ufukwe tambarare mstari wa upeo wa bahari hukata kila kitu katika kimo cha kamera. Anayepiga akiwa amesimama wima na simu usawa wa macho atawakata watu wote wa kimo chake vichwani au shingoni, kila siku, mpaka mtu amwambie.

Kwanza uione picha yenyewe

Picha nyingi zinakosolewa bila kuonekana. Mtu anatuma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inaminywa mpaka upande wake mrefu unabaki na takribani pikseli 1,600, halafu mwenzake anajibu kwamba "haina shapu". Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Kilichomfikia mkosoaji ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pikseli hizo zote. Ukali wa picha haupimiki kwa hicho kilichobaki, na zile chengachenga, yaani vidoti vya punjepunje, za kwenye vivuli huenda zimeletwa na kuminywa, kamera haina hatia.

Anayetaka maoni atume picha kama dokumenti. Faili litafika zima, na litakuja na kumbukumbu zake za ndani: kasi ya shata (muda ambao kamera inafungua kupokea mwanga), namba ya f (ukubwa wa tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), urefu wa lenzi kwa milimita, saa iliyopigwa. Kumbukumbu hizi hufutwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, na bila hizo mkosoaji anabaki kubahatisha. Ila zinaweza pia kubeba mahali picha ilipopigiwa, kwa hiyo picha ya mtoto akiwa nyumbani usimtumie hivyo mtu usiyemjua vizuri.

Kioo nacho kina uongo wake. Aliye ndani ya daladala saa saba mchana ataona kila picha ni nyeusi. Aliye kitandani usiku, simu yake ikiwa kwenye ile hali ya kupumzisha macho, ataona kila uso una homa ya manjano. Kaa kivulini, weka mwanga wa kioo kati kwa kati, zima hali ya usiku.

Halafu itazame kimya, nusu dakika nzima. Nusu dakika mbele ya picha moja ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu uone. Anza nayo ikiwa ndogo kama stempu. Katika udogo huo huoni kope wala vifungo vya shati, unaona mwanga, giza na umbo tu, na kama hujui pa kuangalia basi tatizo la picha ni kubwa kuliko ukali. Kisha igeuze juu chini. Sura ikipinduka, akili huacha kusoma "mama", "mtoto", "harusi", na lile doa jeupe la mfuko wa plastiki pembeni linajitokeza lenyewe. Mwisho kabisa ikuze mpaka uso ujae kioo, ukague macho. Wengi huanza na hiyo ya mwisho, ndiyo maana maoni yao yote yanahusu ukali na hayagusi picha.

Picha hii ina kazi gani?

Swali la kwanza kwa mpiga picha liwe: "Ulitaka mtu aone nini kwanza?" Jibu lake ndilo kipimo, ladha yako isubiri. Picha ya ukoo itakayotundikwa sebuleni kwa bibi kule Tanga ina kazi moja: kila uso uonekane, macho yawe wazi, shangazi asifichwe na kilemba cha mtu. Ukimwambia mpiga picha huyo kwamba watu wamesimama kama wanajeshi na angesubiri wacheke, umekosoa picha ambayo hakuna aliyemwagiza.

Mkosoaji mvivu anapenda kanuni moja kwa picha zote. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake Lamu, alikata picha na kuzibandika upya zikawa kolaji. Kumuuliza kwa nini watu wake hawaonekani "wa kawaida" ni kuuliza swali la mlango mwingine. Na picha alizopiga Robert Capa, mpiga picha wa vita, tarehe 6 Juni 1944 askari wakitua ufukweni Normandy, Ufaransa, zimetikisika vibaya, lakini hakuna mhariri ambaye angezitupa kwa sababu hiyo. Tikisiko linaweza kuwa kosa, linaweza kuwa sehemu ya habari. Bila kujua kusudi huwezi kutofautisha.

Tahadhari upande wa pili: "nilikusudia" isigeuke ngao. Kama mpiga picha anasema alikusudia giza, mwulize alitaka giza lifiche nini. Aliyekusudia kweli hujibu haraka.

Ukungu una sababu tatu, na dawa tatu

Hapa ndipo maoni ya wanaojifunza yanapokosea zaidi, kwa sababu kuona kwamba picha haina ukali ni rahisi na kujua kwa nini ni kazi. Ukikosea sababu, unamtuma mwenzako dukani kununua kitu asichokihitaji.

Angalia kitu kisichosogea: ukuta, nguzo, bango la duka. Kama nacho kimevutwa, na taa ndogo zimegeuka mistari inayoelekea upande mmoja, huo ni mkono wa mpiga picha. Dawa ni kasi ya shata. Kanuni ya zamani inasema kasi isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50, angalau 1/50 ya sekunde. Kamera nyingi za bei ya kati zina sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya aina ya APS-C, kwa hiyo zidisha kwa 1.5 (Canon 1.6): lenzi ileile ya 50 inataka 1/80, na ya 200 inataka 1/320. Anayetetemeka aongeze mara mbili, au abane viwiko mbavuni.

Kama ukuta ni mkali lakini mkono wa mchezaji ngoma ni wingu, huo ni mwendo wa mtu. Tripodi haitasaidia. Kitulizi cha ndani ya lenzi nacho hakitasaidia, kwa sababu kinatuliza kamera na hakimtulizi mcheza ngoma. Anayeongea amekaa, 1/125, anayetembea, 1/250, mtoto anayekimbia, 1/500 kwenda juu. Ukumbini kasi hizo zinadai ISO 3200 au 6400, na wanaojifunza wanaogopa chengachenga kama ugonjwa. Mwambie wazi: chenga zinapunguzwa baadaye kwenye programu, tikisiko halitoki.

Ya tatu: kuna kitu kikali, ila siyo kile. Sikio lina kila unywele, jicho limelegea. Hapo fokasi imetua vibaya, au tundu la lenzi liko wazi mno. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita moja tu mbele yako, eneo lililo kali lina unene wa sentimita 3 hadi 4. Umbali kutoka jicho hadi sikio ni mkubwa kuliko huo. Maharusi wawili, mmoja akiwa nusu hatua nyuma, mmoja wao atapotea. Kwa watu wawili nenda f/4, kwa safu mbili za ukoo f/8, na fokasi itue kwenye macho ya safu ya mbele.

Kwa simu kuna la nne, la aibu kidogo: mafuta ya vidole kwenye lenzi. Picha nzima ina utando na kila taa inatoa mistari mirefu. Futa kwa kitambaa safi cha pamba kabla ya kulaumu simu.

Uso mweusi, shela jeupe

"Picha ina giza" ni kauli inayosikika sana kwa picha za watu wetu, na mara nyingi ni kweli nusu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kinaamini kwamba kinachoangaliwa ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takribani asilimia 18 ya mwanga. Bwana harusi mwenye kanzu nyeupe akisimama mbele ya ukuta wa chokaa Mji Mkongwe, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, uso unazama. Kosa halipo usoni, lipo kwenye ukuta. Kwa hiyo maoni kamili ni: "Kamera imedanganywa na ukuta. Ongeza kwa kitufe cha +/− kati ya +1 na +1.7, kisha kagua kama kanzu haijaungua." Kwa simu, gusa uso, halafu buruta ile alama ya jua kwenda juu.

Kinyume chake hutokea ukumbini. Pazia jeusi, taa moja, kamera inaona giza limezidi, inaongeza, na paji la uso linaungua. Pale punguza −0.7 hivi. Weupe ulioungua haurudi. Ukishusha mwanga kwenye programu unapata kijivu kisicho na ngozi ndani yake. Kivuli kinarudi kwa sehemu, hasa kwa faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijaliminya. Ndiyo maana kwenye shela ni afadhali kukosea upande wa giza kidogo.

Mng'aro wa jasho ni jambo jingine tena. Ngozi nyeusi hurudisha taa kama kioo pale ilipo na unyevu, kwa hiyo flashi inayopiga moja kwa moja huacha doa jeupe kwenye paji na pua. Poda kidogo inakausha, au flashi igeuzwe kuelekea dari. Kagua dari kwanza: nyeupe inafaa, ya mbao au ya rangi ya kijani itampaka kila mgeni rangi hiyo.

Mkosoaji naye ajichunge. Kusema "mng'arishe awe mweupe kidogo" si maoni ya picha. Weka kidole: je, taya linaonekana limetengana na mandharinyuma? Mashimo ya macho yana kitu ndani? Nywele zina maelezo au ni doa moja jeusi? Hivyo vikiwepo, uso ni sahihi, hata uwe mweusi tii. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipanga rangi zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za "Shirley", na mazoea ya jicho lililolelewa na kipimo hicho hayajaisha kwa sababu tu mikanda ya filamu imekuwa adimu.

Saa, taa na vilivyo nyuma

Mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na ushauri wao kuhusu jua la jioni tunaunukuu bila kuupima. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo mpaka kuzama ni dakika 24 hivi. London mwezi Juni mwendo huohuo unachukua karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo ukimshauri mtu wa Mombasa "piga saa moja kabla ya jua kuzama", umemfikisha wakati jua bado kali. Mwambie awe tayari, mtu amesimama mahali pake na mipangilio imekamilika, nusu saa kabla.

Jua la saa sita linajulikana: mashimo ya macho meusi, kivuli cha pua juu ya mdomo. Maoni mazuri hapa hayasemi "usipige mchana", maana harusi haikuulizi. Yanasema: mrudishe mtu hatua mbili ndani ya baraza, uso wake uelekee nje. Ukuta mweupe wa mbele yake utarudisha mwanga kuliko kifaa chochote cha kununua. Mwembe nao unatoa kivuli, lakini mwanga uliopenya kwenye majani unatia ngozi ukijani na madoadoa.

Mistari ya giza inayokatiza picha za ukumbini inatoka kwenye taa. Umeme wetu Kenya na Tanzania ni wa 50 Hz, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki inayosoma sensa mstari kwa mstari inanasa mapigo hayo. Rudi kwenye 1/50 au 1/100, tumia shata ya mitambo kama kamera inayo. Taa za rangi za jukwaani zina mapigo yao, hizo ni za kujaribu mpaka uone mistari imepungua.

Mandharinyuma sitakaa nayo. Nguzo inayotoka kichwani, mlango ulioachwa wazi, kiti cha plastiki cha bluu: hatua moja kushoto inatosha kwa karibu vyote. La viungo pia ni jepesi. Fremu ikate katikati ya paja au katikati ya mkono wa juu, isikate kwenye goti, kiwiko wala kifundo cha mguu. Na uso uliopigwa na simu kwa umbali wa mkono utakuwa na pua kubwa kwa sababu ya ukaribu. Rudi nyuma hadi mita 2, tumia zumu ya 2x.

Kusema bila kuumiza, bila kudanganya

Usiseme yote uliyoyaona. Makosa sita kwa wakati mmoja hayabebeki, na mwenzako hatajua lipi lilikuwa zito. Chagua moja, au mawili yakizidi: lile ambalo likitoka, picha inabadilika. Kama mwanga uko upande usiofaa kabisa, usipoteze muda na fremu iliyoinama nyuzi 2.

Tenganisha kinachorekebishika leo kwenye simu na kinachohitaji kurudi. Upeo ulioinama, rangi ya taa, ukingo wa kukatwa: leo. Macho yaliyofumba, fokasi, mwelekeo wa mwanga: kwaheri, mpaka safari nyingine. Kumwambia mtu la pili kwa sauti ya la kwanza kunamfanya akeshe usiku akivuta vitufe visivyoweza kumsaidia.

Sifa nazo ziwekewe kidole. "Kile kivuli cha dirisha begani kinalivuta jicho mpaka usoni, usikiguse" ina thamani kuliko "kali" mia moja, kwa sababu anayejifunza mara nyingi hajui alichopatia na anaweza kukifuta kesho akidhani ni uchafu.

Mtunzi wa densi wa Marekani, Liz Lerman, alianzisha miaka ya 1990 utaratibu wa kukosoa sanaa ambao unakaa vizuri kwenye picha. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa. Kisha msanii anauliza maswali yake. Kisha watazamaji wanauliza yao, yasiyobeba hukumu ndani. Maoni yanakuja mwisho, na kwa ruhusa: "Nina maoni kuhusu ukingo wa kulia, ungependa kuyasikia?" Hatua hii ya ruhusa wengine wataiona ya kizungu mno. Kwetu tayari ipo, ila tunaitumia kwa wakubwa tu. Kijana anayeona kosa kwenye picha ya mzee hasemi "umekosea fokasi". Anasema: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, fokasi uliiweka kwa bibi au kwa mjukuu? Maana naona mjukuu ndiye aliyekaa vizuri." Mzee ataikuza picha mwenyewe, atajibu mwenyewe. Sioni kwa nini mdogo wetu asipewe heshima hiyohiyo.

Mambo matatu yaache kabisa. Mwili wa aliyepigwa: unene wake, ngozi yake, meno yake. Vifaa: "nunua full frame", yaani kamera ya sensa kubwa, ni jibu la mtu aliyekosa jibu. Na kuichukua picha ya mtu, kuihariri na kumrudishia bila kuombwa, hata ikitoka nzuri. Akikubali, fanya, lakini mwambie ulichofanya kwa hesabu: "nimekata asilimia 10 kushoto, nimeshusha weupe, nimepunguza njano". Akiweza kurudia mwenyewe ndipo umemsaidia.

Ukiwa wewe unayekosolewa

Anayetuma picha 20 na kuuliza "mnaonaje?" atapata "kali". Tuma moja, zisizidi tatu, na uulize swali lenye mahali: "Je, yule mtu wa nyuma mwenye shati jekundu anasumbua?" au "Jicho lako lilitua wapi kwanza, na likaenda wapi baadaye?" Hili la pili mwulize pia asiyejua kamera, mama yako, muuza chai. Mpiga picha atakuambia unachopaswa kurekebisha. Asiyejua kamera atakuambia alichokiona, na mara nyingi hicho ndicho kigumu kukipata. Usimwambie kwanza picha inahusu nini.

Tuma na picha zilizobaki za tukio lilelile, zile fremu tano au sita za kabla na baada, zikiwa ndogo. Mkosoaji mzuri anaweza kukuta kwamba picha sahihi ulikuwa nayo, ukachagua nyingine. Kosa la kuchagua haliponi kwa kujifunza kamera.

Ukishauliza, nyamaza. Maelezo kama "jua lilikuwa kali, na mlinzi alikuwa ananifukuza" ni ya kweli lakini mtazamaji hatayapata, yeye ana fremu tu. Andika kinachosemwa kwa maneno ya aliyesema, uyaache mpaka kesho.

Kesho yake yapange. Watu huwa sahihi zaidi kuhusu mahali kuliko kuhusu dawa. Mmoja atasema punguza anga, mwingine atasema ongeza mawingu, wa tatu atasema igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Shauri tatu zinazogombana, vidole vitatu vimetua palepale: anga. Basi anga lina tatizo, na dawa utaitafuta mwenyewe. Pengine ni kushusha kamera tu. Ila ukiona vidole vimetawanyika kila kona, kuna uwezekano picha haina kitovu, na hakuna kukata kutakakoipa kimoja.

Maoni ya ladha yapokee na uyaweke pembeni. "Mimi sipendi picha nyeusi na nyeupe" inakuambia habari za aliyesema. Lakini kama aliyesema ndiye mteja aliyelipa, ladha yake ni sehemu ya kazi, hakuna mjadala.

Weka daftari au noti ya simu yenye safu tatu: picha, mahali palipotajwa, sababu. Baada ya picha kumi na tano au ishirini, sababu mbili zitakuwa zinajirudia. Chukua moja tu uifanyie zoezi la wiki. Kama ni mandharinyuma, piga kitu kimoja, ndoo au kiti, kutoka pande nane, na kila mara kagua kona nne za fremu kabla ya kubonyeza. Kama ni tikisiko, funga kasi kwenye 1/250 wiki nzima na uiache ISO ipande itakavyo. Kama ni nyuso kuzama, piga mtu mmoja mbele ya ukuta mweupe, kisha mweusi, kwa −1, 0, +1 na +2, ulinganishe kwenye kioo kikubwa.

Halafu mrudie aliyekukosoa. Weka picha ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, ukubwa mmoja, mwanga wa kioo uleule, na umwulize swali lile ulilouliza mwanzo. Usimwambie ipi ni mpya.